Ukuta wa Majina

Antoine hakuwa mtu wa kudanganywa na karatasi: miaka ishirini alikuwa karani wa boti Uvira. Kwenye maonyesho ya Titanic, hakujali sahani wala picha. Alisimama mbele ya ukuta wenye majina ya abiria wote, waliopona na waliozama, akaguna.

"Hii iko uongo mutupu," alimwambia Léa, msichana aliyeongoza wageni. "Karani gani anaandika watu wote? Minye nilikuwa ninaandika makumi tatu, tunapakia mia. Na bibi ya karani haandikwi kabisa, anapanda bure."

"Bibi yako naye alipanda, papa?"

Antoine aliendelea kukagua ukuta kwa kidole, jina kwa jina.

"Boti ilipozama," alisema, "walisoma orodha yangu kwenye redio. Jolie, bibi yangu, hakuwamo."