Sharti la Tatu la Pepo wa Mlima

Juliana ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Kharumwa, ukuta mmoja na banda langu la chapati. Mchana anawachapia watu barua za kuomba kazi. Jioni anatunga mchezo. Ukitaka kucheka cheka, hata mimi nilicheka mpaka chapati ikaungua. Ni mchezo wa mezani, wa dadu na maneno: mmoja anasimulia, wengine mnakuwa mashujaa wa nchi isiyokuwepo, mnapigana na majoka huku mmekaa kwenye benchi. Aliujulia chuoni Mwanza, akarudi nao badala ya kurudi na mchumba.

Mume alimpata hapahapa. Mabula, mchimbaji mdogo, mpole, mwenye akili zake timamu hadi siku aliyokwenda kwa mganga. Mganga alimwambia duara lake, yaani lile shimo analochimba, litatoa dhahabu kwa masharti matatu. Asile dagaa. Asimshike mtoto mchanga. Asiogope akiwa chini. Wiki hiyohiyo Juliana akajifungua Rebeka. Sasa Rebeka ana miezi minane, anatambaa, ana meno mawili, na mbuzi watatu wameshakwenda kwa mganga. Baba yake anakuja kila Jumamosi kutoka machimboni kununua mafuta ya pampu, anakaa mwisho wa benchi, anamtazama mwanawe kama anayetazama gari la mtu. Iliniuma mno. Juliana alilia mpaka akachoka kulia, akarudi kwenye mchezo wake.

Jumamosi moja alikuja na kanuni mpya: jinsi shujaa anavyofunga mkataba na pepo wa mlima. Alitusomea mimi na Boaz wa bodaboda.

"Shujaa asile samaki siku tatu. Akitimiza, pepo lazima ampe nguvu. Pepo akishindwa, anarudisha mbuzi wa watu."

"Mama Rebeka," Boaz alisema, "hiyo ni risiti ya duka la vifaa. Umeona wapi pepo mwenye warantii?"

Mwisho wa benchi Mabula akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana.

"Mnatunga mambo msiyoyajua," alisema. "Andika, nikwambie."

Juliana akashika kalamu, na Mabula akatufundisha kama mtu wa semina. "Sharti la kwanza liwe rahisi, mtu ajione anaweza. La pili limtenge na watu wa nyumbani kwake, asipate wa kumuuliza maswali. La tatu lisitimizike. Mfano, asiogope. Nani hataogopa mita arobaini chini ya ardhi, magogo yanayoshikilia shimo yanalia? Nguvu isipokuja, pepo anauliza tu: uliogopa? Mtu atasema niliogopa. Basi, kosa ni lake, alete mbuzi mwingine, aanze upya."

"Na pepo ana masharti gani?" Juliana aliuliza bila kuinua macho.

"Pepo hana masharti."

"Shujaa akivunja, adhabu yake nini?"

Mabula akafikiri. "Haisemwi. Unaambiwa tu utajuta."

Juliana akaacha mstari ule wazi.

Tukacheza. Boaz akawa shujaa aliyekatazwa kumshika mwanawe, Mabula akawa pepo, na jamani alifaa. Kila mzunguko ulikuwa mwezi mmoja. Boaz anarusha dadu, anadai nguvu.

"Uliogopa?"

"Kidogo."

"Lete mbuzi."

Mzunguko wa nane Boaz hakuwa na mbuzi hata wa karatasi. Alisimama, akatupa dadu ndani ya beseni langu la unga.

"Pepo tapeli huyu! Mtoto wangu anatambaa sijamshika, na hiyo nguvu sijaiona! Kwani huko mlimani kuna pepo, au kuna mtu tu anakula mbuzi wangu?"

Alikuwa anamlilia mtoto wa kwenye mchezo, aliyezaliwa nusu saa iliyopita. Boaz ana hasira, lakini mafumbo hayajui. Mimi nilikuwa na la kusema, nina la kusema siku zote, ila Juliana alinikanyaga mguu.

Mabula akainuka, akanawa kwenye ndoo yangu ya wateja, mpaka kwenye viwiko, akanichafulia maji yote. Akainama, akamnyanyua Rebeka aliyekuwa anatambaa miguuni petu.

Rebeka akamtazama, akaangua kilio. Hakumjua. Alijipinda, akajinyonganyonga, akaninyooshea mikono mimi, muuza chapati.

"Ng'wana wane, mwanangu, ni baba," Mabula alisema. "Ni baba." Machozi yakamtoka mbele ya wateja wangu, lakini hakumwachia.

"Mama Rebeka," alisema, "ile adhabu uliyoiacha wazi. Iandike. Ila si ya anayevunja. Ni ya anayetimiza."

Juliana akashika kalamu, lakini hakuandika kitu. Alisogea kwenye benchi, akampisha mumewe akae.