Upande wa Nyuma wa Kibao

Mtaa mzima ulimwita Fundi Vibao, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka thelathini na kitu alikuwa amechonga majina ya koo za watu kwenye mbao, yakapigiliwa juu ya milango, na wenye majina wakasimama chini yake kupiga picha, meno yote nje. Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, bega la kulia limegoma kupanda, na kuchoka kwake hakukuwa tena kule kunakoisha mtu akilala. Aliamka amechoka, akanywa chai amechoka, akafungua kufuli la karakana amechoka, na mtu akimuuliza hali alijibu "Tupo," basi.

Kuchoka huko kulimfundisha tabia moja mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa anaitikia tu. Mteja wa kibao cha nyumba haji na ubao peke yake, huja na historia yote ya ukoo, ugomvi wa mashemeji ukiwemo. Zamani Fundi alisikiliza na kuuliza maswali. Siku hizi aliinamia jiwe lake la kunolea, patasi ikienda na kurudi, na kila mteja alipovuta pumzi yeye alisema "Ndiyo" au "Sawa kabisa." Kazi ilitoka nzuri, mteja akaridhika, na maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile bila mtu kujua.

Ndivyo alivyompokea yule mwalimu mstaafu, mama mmoja mkavu aliyekuja Jumatano na kipande cha ubao kirefu kuliko mkono, kimefungwa kwa shuka kama mgonjwa.

"Huu ni mwimo wa mlango wa chumba cha watoto," alisema mwalimu, akifungua shuka taratibu. "Nyumba tumeiuza, na walioinunua wataibomoa. Mimi nahamia kwa kijana wangu mkubwa. Nikamwambia kabla ya yote ning'olee kipande hiki, nataka kiwe kibao cha jina letu huko tuendako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa tazama upande huu. Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, hawezi kupiga mstari bila futi. Kila mwaka aliwasimamisha hapa watoto wote wanne akawapima. Herufi ya mtoto, miaka yake, sentimita zake. Penseli imefifia, lakini ukipeleka juani inaonekana. Mistari iko kumi na tisa. Ya kitinda mimba wangu inaishia miaka minane. Hakufika tisa."

"Sawa kabisa," alisema Fundi, akijaribu makali ya patasi kwenye ukucha.

"Jina lichonge upande wa pili, ule mtupu. Huu usiuguse hata kwa msasa. Wageni watasoma jina, sisi wenyewe tunajua kilicho nyuma."

"Hakuna shida, mwalimu. Jumatatu."

Mwalimu akamwachia karatasi yenye jina la ukoo, herufi nane zilizoandikwa kwa mwandiko wa ubao wa darasani, akaondoka na shuka lake.

Kesho yake Fundi alikishika kile kipande. Na hapa lazima ieleweke jinsi anavyofanya kazi, maana kosa lenyewe lilitoka kwenye ufundi wake, si kwenye uzembe. Ubao wa kukaa nje hujikunja, na ukichongwa upande usio wake, baada ya misimu miwili jina linapinda na kupasuka katikati. Kwa hiyo Fundi huwa hatazami uso wa ubao, hutazama kichwa chake, pale ulipokatwa, zinapoonekana duara za umri wa mti. Duara zikilalia huku, anachonga huku. Zikilalia kule, anachonga kule. Hajawahi kurudishiwa kibao kilichopinda. Siku hiyo alikitazama kichwa, duara zikamwambia upande, akakigeuza, akakibana mezani. Mwalimu alikuwa amesema nini? Hata hakujiuliza.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Akaulaani kwa jina la mama yake, akaacha randa la umeme likilala na kuchukua lile la mkono, bega likalia, akaanza kusukuma. Maranda yakatoka marefu, membamba, yakijiviringa hadi sakafuni. Ulikuwa mti mzuri wa zamani, siku hizi haupatikani. Akapiga randa uso mzima, akachora herufi nane, akachonga siku mbili. Na jioni zote mbili alibeba nyumbani mfuko wa maranda kama kawaida, wa mkewe kuwashia jiko la mkaa.

Jumamosi mchana mkewe alikuja karakana na chakula, na kitu kingine mkononi.

"Baba watoto, tangu lini unapiga mahesabu kwenye maranda?"

Fundi alichukua kile kipande cha maranda kilichojiviringa, akakinyoosha kuelekea dirishani. Kilikuwa chembamba hata mwanga ulipita. Katikati palikuwa na mstari wa penseli, ulionyooka sana, na pembeni yake herufi moja na maandishi madogo: miaka 7, 119.

Alikaa chini. Maneno yote ya mwalimu, yale yaliyokuwa yametokea sikio la pili, yalirudi moja moja kana kwamba yalikuwa yamemsubiri mlangoni. Usiuguse hata kwa msasa. Hakufika tisa. Na sauti yake mwenyewe ikijibu sawa kabisa. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke.

Alimweleza mkewe kila kitu. Mama watoto alisikiliza, mikono kiunoni, kisha akapumua.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mume wangu."

"Haya si maji," alisema Fundi. "Ni maranda. Yanazoleka. Umewashia kiasi gani?"

"Asubuhi ya jana na ya leo. Konzi moja moja tu."

Jumapili hawakwenda popote. Walitandika shuka jeupe sebuleni, wakamwaga mfuko, wakamwaga na takataka zote zilizofagiwa karakana, wakapiga magoti, watu wazima wawili wenye wajukuu, wakaanza kunyoosha kipande kimoja baada ya kingine na kukiinua kwenye mwanga. Magoti yaliuma, bega liliuma, na macho ya Fundi yalitoa machozi hadi hakujua tena ni ya nini. Lau kama umeme ungekuwepo ile siku, randa la umeme lingesaga yote yakawa unga. Kwa mara ya kwanza maishani alimshukuru aliyekata umeme.

Kila kipande chenye mstari mama watoto alikiwekea kitambaa chenye unyevu, akapitisha pasi ya uvuguvugu, kikalala kama karatasi. Fundi akakibandika nyuma ya kibao, ule upande uliokuwa mtupu, kwa gundi nyembamba, akifuata sentimita zilizoandikwa. Watoto wakaanza kupanda tena ubaoni: mkubwa miaka minne, wa pili miaka mitano, kitinda mimba miaka mitatu, mfupi kama kigoda. Hadi alasiri ilikuwa mistari kumi na minane. Wakamwaga mfuko tena. Wakatikisa fagio, wakachungulia chini ya meza ya karakana, wakarudi. Kumi na minane.

Uliokosekana ulikuwa wa kitinda mimba, miaka minane.

"Utakuwa ule wa jana," alisema mama watoto kwa sauti ndogo. "Niliwashia chai."

Fundi alikumbuka chai yenyewe. Alikunywa vikombe viwili na kusema haina sukari.

"Sikiliza," mkewe akaendelea. "Wa miaka saba ni mia moja kumi na tisa. Wa miaka minane unaweza kuukadiria. Penseli unayo. Nani atajua?"

Alikuwa amechoka kiasi cha kukubali. Akachonga penseli, akaweka futi, akatafuta mia moja ishirini na nne, au tano, au sita. Hapo mkono ukakataa. Alijaribu kufikiria watoto wake mwenyewe, wale watano waliokulia nyumba hiyo hiyo, wa kwanza alikuwa na urefu gani akiwa na miaka minane. Hakujua. Alikuwa karakana, akichonga majina ya watu. Akairudisha penseli nyuma ya sikio, akaenda kulala bila kula.

Jumatatu mwalimu alikuja mapema, shuka lake limekunjwa mkononi. Fundi hakumpa hata nafasi ya kuketi. Alimwambia yote akiwa amesimama, kama mtoto aliyevunja kitu: duara za mti, randa, maranda, jiko.

Uso wa mwalimu ulikauka zaidi, na Fundi akaona jinsi darasa zima lilivyokuwa likinyamaza enzi zake.

"Nilikwambia, fundi."

"Uliniambia."

"Na ukaitikia."

"Niliitikia, mwalimu. Nimechoka, siku hizi naitikia kila kitu. Nisamehe."

Mwalimu alikichukua kibao. Jina lilikuwa limetoka zuri, herufi nane zimesimama imara, lakini alilipita kama anayempita mtu asiyemjua. Akakigeuza. Akaketi nacho mapajani, akapitisha kidole kwenye vipande vile vilivyobandikwa, akihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Mahali pamoja alicheka puani. "Huyu alikuwa akisimama kwa vidole vya miguu, mwizi mkubwa," alisema, na Fundi hakuthubutu kuuliza ni nani. Kidole kikaendelea kupanda. Kikafika kwenye miaka saba, kikapanda kidogo, kikasimama mahali patupu.

"Wa nane haupo."

"Umeungua. Ndio uliopika chai yangu." Alitaka kunyamaza, lakini ilibidi aseme na lililobaki. "Nilitaka kuukadiria niuandike, nikufiche. Sikuweza. Labda wewe unaikumbuka namba?"

"Namba alikuwa akikumbuka baba yao." Mwalimu alitikisa kichwa. Fundi akadhani ndiyo basi, atachukua shuka lake aende zake na ubao ulioharibiwa. Badala yake alisimama. Akakilaza kibao mezani, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akakanyaga saruji kwa nyayo tupu.

"Una futi?"

"Ninayo."

"Asubuhi ile ya mwisho alipokwenda shule alinikumbatia mlangoni, hapo hapo kwenye mwimo. Sikuwa nimevaa viatu. Alikuwa ametoka kupimwa wiki hiyo hiyo." Akaulaza mkono wake bapa kifuani, akausogeza juu kidogo, akaushusha, akaurudisha, hadi ukatulia. "Utosi wake ulinigota hapa. Mfupa huu. Siwezi kukosea, fundi. Kila siku unanigota."

Fundi alipiga goti, na goti likalia. Akabana ncha ya futi sakafuni kwa mkono wa kushoto, kwenye kisigino cha mwalimu, na kwa ule mkono wa bega bovu akaipandisha taratibu, bega likimwunguza, hadi futi ikagusa upande wa chini wa kiganja. Ilisema mia moja ishirini na mbili. Akaisoma kwa sauti.

Mwalimu alifikiri, mkono bado kifuani. Alijinyoosha kadiri mgongo wake wa miaka sabini ulivyomruhusu, akaona haujanyooka vya kutosha.

"Ongeza vidole viwili," alisema. "Mimi nimepungua. Yeye hajapungua."

Fundi akaongeza vidole viwili, akatoa penseli nyuma ya sikio, akapiga mstari kwenye kibao, pale palipokuwa patupu.