Namba Iliyokuja kwa Vipande

Kiwanda kilichoniajiri kiko Eneo la Viwanda hapa Thika, kinasindika matunda, na kazi yangu ni kompyuta. Watu wakisikia hivyo hudhani ninarekebisha printa. Printa pia ninarekebisha, lakini ninalotaka kusimulia lilitokana na programu niliyoiandika mwenyewe, nikajivunia, na ikakaribia kumnyima jirani yangu kazi.

Jirani huyo alikuwa mama wa kutoka magharibi mwa Kenya, mlango wa tatu kutoka kwangu katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Makongeni. Alikuwa kibarua kiwandani, upande wa kumenya mananasi. Mwaka huo wakubwa walitangaza kwamba vibarua waliofikisha idadi fulani ya siku katika miaka mitatu wataandikwa kazi ya kudumu. Alikuwa ameingojea habari hiyo kwa muda mrefu. Kazi ya kudumu maana yake husimami tena getini asubuhi ukingoja kuchaguliwa.

Wa kuhesabu siku nilikuwa mimi. Kila kibarua ana kadi yenye namba ya tarakimu sita, anaigusisha kwenye mashine ya getini, na mashine inaandika. Miaka mitatu ya watu kuingia ilikuwa imerundikwa kwenye faili moja ya XML, kubwa kupindukia. XML ni maandishi ya kawaida tu, ila kila kitu kina alama ya kukifungua na alama ya kukifunga: inafunguka namba, zinafuata tarakimu, inafungwa namba, inafunguka tarehe, na kuendelea hivyo hivyo hadi macho yaume.

Chuoni Ruiru, darasa likiwa juu ya duka la simiti, tulifundishwa kuipakia hati nzima kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha uchague unachotaka. Hati za darasani zilikuwa za ukurasa mmoja. Nilipojaribu hivyo kiwandani kompyuta ya ofisi ilikwama. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, bado imekwama. Basi nikaandika kwa njia nyingine, kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Njia hii inaisoma faili kutoka juu hadi chini bila kurudi nyuma, na kila inapokutana na kitu inakuita. Namba imefunguka. Haya hapa maandishi. Namba imefungwa. Ikishakuita imesahau, na kukumbuka ni kazi yako. Ni kama askari wa getini anayetaja kila anayepita bila kuandika popote. Faili yote iliisha kabla sijamaliza andazi langu, nikajiona mjanja sana.

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Jumapili, baada ya kanisa, jirani akabisha kwangu.

"Jina yangu haiko kwa hiyo list," akasema. "Wanasema nimekosa siku mbili."

"Pole, Mama. Lakini hiyo ni kompyuta imehesabu."

"Nani aliiambia vile itahesabu?"

"Ni mimi niliandika hiyo programu. Haiwezi kosea, Mama. Inasoma tu vile iko."

Niliyasema hayo nimeegemea mlango, na hata kumkaribisha ndani sikumkaribisha. Mpaka leo naona aibu.

Hakubishana nami. Alirudi kwake akaleta kalenda tatu za kanisa, za miaka mitatu. Vibarua wa ploti yetu wana desturi hiyo: ukitoka kazini, kabla hujavua viatu, unaizungushia tarehe ya leo duara kwa kalamu, maana hujui lini utaulizwa ulikuwa wapi. Duara zake zilikuwa nadhifu kuliko mwandiko wangu. Pengo kubwa lilikuwa moja tu, wiki mbili za Agosti, alipokwenda nyumbani kumzika mama yake.

"Hizo sikufanya, na siitishi," akasema. "Hizi zingine nilifanya. Hesabu."

Nilimwambia nitaangalia, kwa ile sauti ya kumtuliza mtu. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwonyesha kuwa amekosea. Jumatatu nikaitaka programu inipe tarehe zake zote, nikazilinganisha na kalenda moja baada ya nyingine. Zilikubaliana mwezi baada ya mwezi, na nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia, nikafika Jumanne moja ya Machi. Kalenda ilikuwa na duara, programu haikuwa na kitu. Mbele zaidi nikapata siku nyingine ya namna hiyo. Zikawa mbili.

Nikaifungua faili yenyewe na kuitafuta Jumanne ile. Namba yake ilikuwepo, tarakimu zote sita.

Kosa lilikuwa langu kabisa. Faili kubwa husomwa kwa mafungu, na fungu likiishia katikati ya namba, ile njia ya kusoma inakuita mara mbili kwa namba hiyo moja: kwanza na tarakimu nne, halafu na mbili zilizobaki. Mimi nilikuwa nimeiambia programu yangu kila ikiitwa ichukue maandishi iyaweke mahali pa yaliyotangulia. Kwa hiyo zile mbili zilizifuta zile nne. Hakuna mfanyakazi mwenye namba ya tarakimu mbili, na nilikuwa nimeagiza pia kwamba namba isiyojulikana irukwe kimya kimya, kwa sababu madereva wa malori na wageni nao hupewa kadi. Kompyuta ilifanya nilivyoiambia. Nilipaswa kuiambia iongezee, kipande kwa kipande, mpaka alama ya kufunga ifike, ndipo ihesabu.

Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja. Kazi ngumu ilikuwa kupanda ngazi hadi kwa afisa wa wafanyakazi, mama mmoja mwenyeji wa huku huku, mkali, ambaye alikuwa na barua za kutiwa sahihi Jumatano.

"Kwa hivyo list ni mbaya," akasema nilipomweleza siku mbili za jirani zilizorukwa.

"Ni mbaya."

"Ya huyu mama tu?"

Ningeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha hapo. "Hapana. Watu wengi wamepunguziwa siku moja, mbili. Walikuwa na za ziada, ndio maana haijaonekana."

"Na wewe uligundua aje?" akauliza.

"Sikugundua. Yeye ndiye aligundua."

Nilihesabu upya mbele yake. Watu watatu waliongezeka, na jirani alikuwa mmoja wao. Siku zake zilikuwa zile zile zilizotakiwa, hakuna hata moja ya ziada.

Jumatano aliitwa ofisini, akaja amevaa leso safi na aproni ya kazini. Nilimwambia mbele ya afisa, "Mama, nilikukosea. Na vile nilikujibu pia." Akasema, "Sawa," bila kunitazama. Barua ilikuwa mezani. Anasoma vizuri, kanisani ndiye husoma neno, lakini aliisukuma kwangu.

"Nisomee."

Nikamsomea kutoka mwanzo, cheo, idara, masharti, likizo. Nilipoitaja namba yake kwa haraka, jinsi mtu anavyotaja namba, akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapo rudia. Pole pole."

Nikaitaja tarakimu moja moja, naye akizifuata kwa kidole. Alingoja mpaka nikamaliza ya sita, ndipo akaomba kalamu.