Mtoto Ambaye Hakuliliwa

Akifariki mzee wa Kiafrika upande wa magharibi wa Sydney, simu ya kwanza hupigiwa pasta na ya pili hupigiwa Zilpah Nkatha. Heshima hiyo Zilpah hajawahi kuifurahia hata siku moja. Ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Kabla ya kutoka nyumbani kwake Penrith hurudi kuangalia jiko mara tatu, stesheni hufika dakika ishirini kabla ya treni, na simu ikiita asubuhi huketi kwanza kabla hajaona ni nani anayepiga. Lakini ndiye anayejua kuandika maisha ya mtu yakasomwa kanisani yakaeleweka, na watu wakishakuzoea kwa kazi fulani hawakuachi upumue.

Kazi yake hasa ni uuguzi, katika hospitali ya Westmead, mwaka wa kumi na saba huu. Hili la kuandika wasifu wa marehemu liliingia kwa mlango wa nyuma. Miaka tisa iliyopita alifariki mzee Mugambi, na wanakamati wa mazishi wakamwomba Zilpah aandike kwa sababu ana mwandiko mzuri, utadhani mwandiko una kazi gani siku hizi za kompyuta. Akaandika. Siku ya mazishi akasimama akasoma mzee alikozaliwa, shule aliyosoma, mke aliyemwoa na watoto wanne aliowaacha. Hapo mama mmoja aliyekaa viti vya nyuma akainuka na vijana watatu wakubwa. "Na hawa je," akauliza, "niliwazaa na nani?" Alikuwa mke wa kwanza, amesafiri kutoka Meru siku mbili, na hakuna mtu aliyemtaja kwa Zilpah. Jeneza lilikaa saa nzima likisubiri watu wazima wamalize kurushiana maneno. Zilpah alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu siku hiyo akajiwekea sheria. Hakuna wasifu unaokwenda kuchapishwa kabla kila mtoto wa marehemu hajausoma na kutia sahihi. Awe Perth, awe Nairobi, atatumiwa na atajibu. Watu wamenung'unika, wamemwita afisa wa forodha, lakini wametia sahihi. Jambo la pili, aliacha kusubiri watu wafe. Siku zake za mapumziko huwatembelea wazee wakiwa hai, akanywa chai yao na kuwauliza maswali, daftari likiwa magotini.

Ndivyo alivyomjua Mama Fébronie wa Ingleburn. Alikuwa Mrundi, mwembamba, mwenye mdomo. Karatasi zake zilisema amezaliwa tarehe moja Januari, kama za nusu ya wakimbizi wenzake. "Sisi wote tulizaliwa siku moja," alikuwa akisema. "Mama zetu walichoka sana siku hiyo." Mumewe aliuawa mwaka 1993, naye akavuka kuingia Tanzania na watoto watano, wa mwisho akiwa mgongoni. Alikaa kambini, mkoani Kigoma, miaka kumi na mitano. Sydney alifika mwezi wa Julai, katikati ya baridi ya huko, amevaa ndala, akasafisha maghala ya Ingleburn mpaka goti likakataa. Nyuma ya nyumba akapanda lengalenga, majani ya jamii ya mchicha. Cheryl, jirani yake Mzungu, akayaona, akamhurumia bibi wa watu kwa kuzidiwa na magugu, akayang'oa yote akiwa hayupo. Mama Fébronie alinuna siku tatu, kisha akampelekea mbegu na kumwonyesha namna ya kuyapika. Walikuwa marafiki mpaka mwisho.

Siku moja ya mwezi wa Machi, Mama Fébronie alimkaribisha Zilpah, akafunga mlango wa jikoni, na chai hakuweka.

"Mama Bridget," alisema, maana Zilpah binti yake anaitwa Bridget, "andika. Lakini hii usisome mpaka nimekufa. Mutoto yangu Révérien alikufa kule kambi."

Zilpah alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshtuka. Nje ya dirisha Révérien mwenyewe, mwanawe wa mwisho, alikuwa anasukuma mashine ya kukata nyasi, jasho linamtoka. "Mama, si Révérien huyo hapo nje?"

"Huyo ni Révérien. Na ile ingine ilikuwa Révérien. Andika."

Zilpah akaandika. Kitinda mimba wa Mama Fébronie, yule wa mgongoni, alishikwa na malaria mwaka 1999 akiwa na miaka sita, akafa kabla ya kufika zahanati. Wiki hiyohiyo mama mmoja mgeni alifia kwenye hema la jirani, akaacha mtoto wa kiume wa umri uleule. Mtoto huyo hakuwa na kadi, na bila kadi hakuna posho ya chakula. Usajili wa wageni ulikuwa umefungwa, na siku ya kuhesabiwa watu ilikuwa imekaribia. Basi Mama Fébronie akamzika mwanawe alfajiri, yeye na binti yake mkubwa Dévote tu, bila matanga na bila sauti. Siku ya kuhesabiwa akapanga foleni na watoto watano. Karani alipoita jina la Révérien Habonimana, akamsukuma mbele yule mgeni. Kadi ikagongwa muhuri. Kwa kadi hiyo mtoto akala, akasoma, akapanda ndege.

"Sijamulilia," Mama Fébronie alisema. "Ningelia, watu wangeuliza nalilia nani. Siku ya kusoma maisha yangu, usome ile mutoto yangu kwa wale walitangulia. Watu wamulilie. Umesikia, mama?"

Zilpah hajui kukataa. Alisema, "Nitamsoma, Mama," na tangu hapo kila alipopita karibu na Ingleburn alikuwa akiomba Mungu amwongezee bibi huyo miaka.

Mungu alimwongezea miezi mitano. Mama Fébronie alifariki Jumatatu moja ya Agosti, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Wasifu ulitakiwa kwa mchapaji Alhamisi jioni, na Zilpah akaanza kuishi roho mkononi.

Maana Révérien aliye hai alikuwa na jambo lake. Mkewe, Akimana, alikuwa Kigoma na mtoto wao wa kike, na maombi ya kumleta yalikuwa yamekaa kwa watu wa uhamiaji mwaka wa pili sasa. Kila karatasi ya maombi hayo ilibeba jina la Révérien Habonimana, mtoto wa kuzaliwa wa Fébronie. Mazishi yangerushwa mtandaoni, wasifu ungepigwa picha, na wenye kijicho hawakosekani. Barua moja tu isiyo na jina ingetosha kuyazima maombi hayo. Kwa upande mwingine kulikuwa na mama aliyekaa na kilio kooni miaka ishirini na sita, akamkabidhi Zilpah. Alikosa hamu ya kula. Kazini alimpima mgonjwa mmoja presha mara mbili, akasahau kuandika mara zote mbili, mpaka mgonjwa mwenyewe akamuuliza kama yuko sawa.

Akampigia Dévote.

"Mama Bridget, hilo jambo liache lilipolala," Dévote alisema kwa Kiswahili chake cha Tanzania. "Tumefundishwa kulinyamazia tangu tuko wadogo. Ukimtaja yule, huyu atakuwa nani?"

"Lakini Mama aliniomba. Na wewe ulikuwepo, Dévote. Ulimzika."

Zilpah alisikia bomba la maji likifungwa upande wa pili.

"Muulize mwenyewe," Dévote akasema. "Mimi siwezi. Atakachotia sahihi yeye, hesabu sisi wote wanne tumetia."

Basi Zilpah akaandika kurasa mbili. Ya kwanza iliishia kwa watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Ya pili iliongeza mstari mmoja. Bridget, aliyekuwa anapanga picha kwenye kompyuta, akazisoma zote na kuinua mabega. "Mum, just pick one. It's literally one line." Bridget ana miaka ishirini na miwili, na hana habari mstari mmoja unaweza kumfanya mtu nini.

Alhamisi alipanda treni kwenda Ingleburn. Karatasi alikuwa ameziweka mifuko miwili tofauti ya mkoba, na kila kituo alifungua kuhakikisha ipi iko wapi. Nyumbani alimkuta Révérien peke yake. Dévote na akina mama walikuwa wamekwenda kununua nyama ya Jumamosi. Révérien ni mtu wa miaka thelathini na miwili, mpole, anaendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani. Alimvutia Zilpah kiti, akaomba radhi kwa vyombo visivyooshwa.

Zilpah alitoa ukurasa wa kwanza, ule usio na mstari. Aliona haya kwa uoga wake lakini mkono ulikuwa umeshatoka.

Révérien alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alitabasamu kwenye habari za lengalenga. Akashika kalamu atie sahihi, kisha akaiweka chini.

"Aunti, waliomtangulia hakuna?"

Uso wa Zilpah haujawahi kuficha kitu.

"Alikuambia," Révérien akasema.

"Aliniambia. Mwezi wa tatu."

Akatoa ukurasa wa pili. Mstari ulisema: Alitanguliwa na mwanawe Révérien, aliyefariki kambini akiwa na miaka sita. Révérien aliusoma, kisha akaufunika kwa kiganja kama anayeogopa mtu wa dirishani ataona.

"Hii ni jina yangu, Aunti. Passport, licence, application ya Akimana, kila kitu. Case officer akisoma hii, mimi nilikufa zamani."

"Najua. Ndio maana nimekuja na mbili. Chagua ile ya kwanza, sign, na mimi nitabeba lawama za Mama. Nimezoea lawama." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Wallahi sijui la kufanya, Révérien. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Nikimwacha mtoto nimemsaliti Mama, nikimsoma nimekuvunjia nyumba."

Révérien alibaki na kiganja juu ya mstari.

"Alikuwa ananipenda," alisema. "Usifikiri hapana. Lakini siku zingine alikuwa ananiita, nikija ananiangalia kama si mimi alikuwa anaita. Nilikuwa naona. Nilikuwa najaribu kuja mbio zaidi."

Akauondoa mkono kwenye karatasi. Akachukua kalamu, akakata neno Révérien kwa mstari ulionyooka, na juu yake akaandika neno lingine kwa herufi kubwa. Akaugeuza ukurasa uelekee kwa Zilpah. Alikuwa ameandika Ntwari.

"Ntwari ni nani?" Zilpah akauliza.

"Ni mimi. Mama aliyenizaa aliniita hivyo. Hakuna karatasi inaijua, hakuna ofisi inaijua. Akimana tu nilimwambia." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Yeye alinipa jina yake, nimekula nayo mpaka leo. Acha achukue yangu. Soma hivyo."

Kisha akatia sahihi chini, Révérien Habonimana, kama anavyotia kwenye karatasi zake zote.

Njia nzima ya kurudi Zilpah hakutulia. Baada ya aibu ya mzee Mugambi aliapa kutosoma tena neno lisilo la kweli mbele ya jeneza, na sasa mkobani amebeba jina ambalo si la mtoto aliyekufa. Mama Fébronie aliomba Révérien, hakuomba Ntwari. Je, kilio cha jina la kuazima kinamfikia mtoto? Mara mbili alitoa simu amzuie mchapaji, mara mbili akairudisha. Alipofika nyumbani akamwambia Bridget atume, akaingia bafuni akafungulia maji asisikie kompyuta ikituma.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Cheryl alikaa kwenye safu ya tatu amevaa kofia nyeusi. Zilpah alisoma akiwa ameshika mimbari kwa mikono miwili. Alisoma kijiji alikozaliwa Mama Fébronie, kifo cha mumewe, kambi, ndala za mwezi wa Julai, maghala na goti. Watu walicheka kwenye lengalenga. Akafika pale.

"Alitanguliwa na mwanawe Ntwari, aliyefariki kambini akiwa na miaka sita."

Dévote aliinua kichwa. Alimtazama Zilpah, akamtazama ndugu yake, na kitu kilichokaa kifuani mwake tangu utotoni kikatoka chote kwa mara moja. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu anayefiwa leo hii. Dada zake wakamshika na wenyewe wakaanza. Kilio kikashuka nyuma, safu kwa safu, mpaka kwa akina mama wa Kirundi ambao hawakuwahi kusikia habari za mtoto huyo. Walijua kambi, na ilitosha. Révérien alikaa wima akisikiliza jina lake likililiwa na kanisa zima, kisha akainama akaficha uso magotini. Zilpah alitaka kuendelea kusoma kwa sababu muda wa kanisa una mwisho na msimamizi alishaanza kutazama saa. Hakuendelea. Aliwaacha wakalia mpaka wakanyamaza wenyewe.

Makaburini, baada ya udongo kurudishwa, bibi mmoja wa Kirundi alimjia Révérien, akamshika mikono yote miwili. Zilpah alikuwa hatua moja nyuma.

"Pole, mwanangu," bibi akasema. "Sikujua mlikuwa na ndugu mwingine. Mlifanana?"

Révérien akaangalia kaburi.

"Sana," alisema. "Shati yake ilinitosha."