Pasi Ndefu Aliyoiruhusu Mzee Asiyekuwepo

Hili jambo sijawahi kulisimulia likiwa na jina langu ndani yake. Mara zote nasema "kuna jamaa mmoja tulisoma naye chuo," watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao huku moyoni nasema wangejua hawa. Basi leo najianika. Jamaa mwenyewe ni mimi, Magesa, mtoto wa mzee wa kanisa kutoka Majita, niliyewafanya wanachuo wazima na akili zao, walimu watarajiwa wa taifa hili, waogope kupiga pasi ndefu kwa muhula mzima, na hakuna aliyewakataza wala aliyewaroga, ni macho yangu tu yalikuwa mabovu.

Tulikuwa chuo cha ualimu upande wa Sengerema, miaka ile ya tisini ambapo mitumba imemwagika kila soko na serikali imeanza kusema kwamba mambo ya ajira kila mtu aangalie na kwingine. Mimi nilicheza namba sita. Kukaba nilikuwa najua sana (mtu akinikaribia namwona vizuri, hata kovu la goti lake naliona), shida ilianzia hatua kama ishirini kwenda mbele, kuanzia hapo dunia yote kwangu ilikuwa ukungu. Miwani nilikuwa nayo. Nilipimwa hospitali ya misheni nikapewa mizito yenye fremu nyeusi, nikaifungia kwenye sanduku la bati chini ya nguo, kwa sababu kocha wetu, Mwalimu Bwire, alikuwa na kauli yake kwamba mwenye miwani kazi yake ni kushangilia. Na wachezaji, jamani, tulikuwa tunakula wali na samaki mara tatu kwa wiki wakati wenzetu wanapambana na maharage yenye wadudu. Ungekuwa wewe ungeivaa?

Sasa siku moja mazoezini Mwalimu Bwire akapuliza filimbi, akaniita, "Magesa! Mpira mrefu kwa Masalu!" Masalu ndiye aliyekuwa namba tisa wetu, kijana wa Kisukuma mwenye mbio za kutisha, na ndiye rafiki yangu mkubwa pale chuoni, tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Nikainua kichwa, nikaona kitu cheupe kinasogea kule mbele, na jezi zetu zilikuwa nyeupe (za mitumba hizohizo, mgongoni zina maandishi ya lugha ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuitambua), nikasema huyo ndiye, nikapiga. Pasi ikaenda safi kabisa mpaka miguuni mwa ndama wa mpishi. Ndama akaruka, akang'oa kigingi, akaondoka na kamba yake kuelekea bwenini kwa wasichana.

Kicheko kilichotoka pale sitakisahau. Nestory, golikipa wetu, alilala chini kabisa akawa anapiga nyasi kwa ngumi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema jamani mimi sioni mbali, nipoteze wali wangu, mambo yaishe. Lakini nilikuwa na hasira, nikajikuta nasema, "Chekeni tu. Mimi pasi ndefu nimekatazwa. Nimejaribu kwenda kinyume, mmeona wenyewe yaliyotokea."

Nestory akaacha kucheka. "Umekatazwa na nani?"

"Na mzee mmoja wa kwetu Majita."

Hamjui nilichokuwa nimekigusa. Nestory ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ufundi, na anayejua mpira wa nchi hii anajua kamati ya ufundi haihusiki na ufundi wowote, ni wale jamaa wanaoshughulikia mambo ambayo kocha hafundishi, nani aingie uwanjani kwa mguu gani, nani asisalimiane na nani. Jioni ileile kabla ya chakula wakanizunguka watatu nyuma ya stoo. Nestory akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huo mwiko ni wako peke yako au ni wa timu?"

Nikapiga hesabu haraka. Nikisema ni wangu peke yangu, wataniweka benchi wamchukue mtu asiye na mwiko. Nikasema, "Ni wa timu nzima."

"Na kuuvunja?"

"Mmemwona ndama."

Basi ikawa sheria. Kamati ikakaa, ikatoa masharti, mpira usipande juu ya goti na usiende zaidi ya hatua kumi. (Hizo hatua kumi sikuzitaja mimi, walijiongezea wenyewe.) Mechi ya kwanza mngeiona mngelia. Nestory akidaka mpira anauviringisha taratibu kwa beki, beki anampa beki mwenzake, beki anamrudishia Nestory. Kona tulikuwa tunapiga kwa kurudi nyuma. Mpira wa kurusha tulikuwa karibu tunamkabidhi mtu mkononi. Mshika kibendera mmoja aliketi kwenye jiwe. Dakika za mwisho wapinzani wakachoka kutukimbiza, beki wao mmoja kwa hasira akataka kuupiga mpira ufike Bukoba, ukampiga mwenzake kisogoni, ukaingia golini kwao. Tukashinda moja bila.

Ya pili tukashinda. Ya tatu tukashinda. Kila aliyekuwa na shaka na mzee wa Majita akatubu. Na Mwalimu Bwire, ambaye hakujua lolote, alianza kutembea kwa namna nyingine kabisa, akawa anachora mishale ubaoni anawaeleza walimu wenzake kwamba haya ni mafunzo yake, soka la kisasa, mpira chini, ameufikiria mfumo huu kwa miaka mingi. Mimi nikala wali wangu kimya.

Aliyeumia ni Masalu. Namba tisa ambaye hapewi mpira mrefu ni mlinzi wa nyasi tu. Kila mechi alikuwa anakimbia peke yake kule mbele, anainua mkono, anakimbia tena, anainua tena, mpaka mwisho. Hakulalamika, maana aliuamini ule mwiko kuliko hata Nestory, na nyinyi mnadhani hilo lilinipa ahueni, hapana, lilinichoma.

Tukaingia fainali ya vyuo, inachezwa Mwanza mjini, kwenye uwanja mmoja jirani na mto Mirongo. Kivukoni Kamanga asubuhi ile, Masalu akanivuta pembeni. Akaniambia kiwanda kipya cha minofu ya samaki kina timu, na kinataka namba tisa, na anayepata namba anapata na kazi, na afisa utumishi wa kiwanda, Bwana Rwegasira, anakuja leo kuangalia.

"Ualimu siku hizi hatuna uhakika nao, Magesa, unajua," akasema. "Nyumbani wanaisubiri hii. Mpira mmoja tu wa mbali nautaka. Mmoja. Nikiupata nafunga. Huwezi kumwomba mzee wako?"

Hapo palikuwa pa kusema ukweli. Tulikuwa wawili tu, maji yanapiga ubavu wa kivuko, hakuna anayetusikia. Mimi nikamtazama usoni, nikasema, "Nilishamwomba. Amekubali mmoja."

Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Tulipofika upande wa mjini Nestory alikuwa ameshajua. Tulipofika uwanjani mashabiki wote wa chuo walikuwa wameshajua. Mpira haujaanza watu wanaimba, "Ile moja! Ile moja!" na wapinzani wanaulizana ile moja nini. Hata Mwalimu Bwire akauliza, akaambiwa ni wimbo wa hamasa, akaanza kupiga makofi.

Tukacheza pasi zetu za hatua kumi mpaka dakika za mwisho, hawajatufunga na sisi hatujawafunga. Kila nikigusa mpira uwanja mzima unanyamaza, watu wananyanyuka. Ninatoa pasi fupi, wanaketi tena na kuguna. Mara nikasikia sauti ya Masalu kutoka mbali, "Magesa, sasa!" Kumbe alikuwa amewaacha mabeki wote wawili. Niliambiwa baadaye alikuwa peke yake na golikipa. Mimi nikainua kichwa, nikaona ukungu, na ndani ya ukungu vitu vyeupe viwili, kimoja katikati na kimoja kulia. Cha kulia kilikuwa kinapunga mkono.

Nikakipigia hicho. Na kusema kweli ilikuwa pasi, jamani. Mguu uliugusa mpira pale panapotakiwa, ukapanda, ukapita juu ya vichwa vya watu wote, kimya, hata waimbaji wamefunga midomo. Ukashuka nje ya uwanja, karibu na kreti za soda, kifuani kwa Bwana Rwegasira, aliyekuwa amevaa kaunda suti nyeupe na anampungia dereva wake asogeze gari kivulini.

Bwana Rwegasira naye, walivyonisimulia wenzangu, hakuwa mtu wa kawaida. Aliutuliza kifuani, ukashuka gotini, akauweka chini ya kiatu chake cheusi. Uwanja ukapasuka kwa shangwe, watu wanamshangilia yeye, mashabiki wetu hawajui walie au wacheke, timu yangu yote imesimama inanitazama mimi, na wakati tumesimama hivyo wapinzani wakauchukua mpira miguuni mwake, wakaurusha haraka, wakakimbia nao mpaka golini kwetu, wakafunga, na Nestory alikuwa bado ameshika kichwa. Filimbi ya mwisho ikalia.

Mngesema yameisha. Bwana Rwegasira akaja moja kwa moja mpaka tulipokuwa tumeketi, jasho linatutoka, Masalu yuko pembeni yangu.

"Shikamoo," tukaamkia wote.

"Marahaba. Nani kapiga ile pasi?"

Vidole ishirini vikanielekea.

"Kijana, mimi nimecheza namba tisa miaka mingi, sijawahi kupewa mpira kama ule. Toka pale mpaka kifuani kwangu! Namba tisa sijamwona leo, hajagusa mpira. Wewe nakutaka. Jumatatu uje kiwandani."

Nilimwona Masalu anainamisha kichwa. Nikasema, "Mzee, hapana. Mimi sioni. Nilidhani wewe ni Masalu."

"Huoni nini?"

"Mbali. Sioni kabisa. Na Masalu hajagusa mpira kwa sababu yangu, niliwaambia kuna mzee amekataza pasi ndefu, na huyo mzee hayupo, nilimtunga mimi." Nikayasema yote, ndama, wali, mwiko, yote, mbele ya timu na mbele ya Mwalimu Bwire, ambaye mfumo wake wa kisasa ulikuwa unafia pale pale akiusikiliza.

Bwana Rwegasira alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akawa mwungwana, akasema basi, huyo Masalu aende mbele, apigiwe mipira, amwone. Nikakimbilia begi langu, nikatoa miwani (niliibeba tangu chuoni sijui kwa nini, labda kwa hofu), nikaivaa mbele ya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Nikampigia Masalu mpira, ukaenda mzuri sana. Akauacha ukapita. Nikapiga wa pili, ukamgonga ugoko. Wa tatu aliukanyaga akaanguka. Mtu alikuwa amekaa muhula mzima anakimbia bila mpira, miguu ilishasahau, na sasa nilikuwa naona vizuri, nikauona uso wake toka mbali kule, kila alipokosa alikuwa ananitazama mimi. Nilitamani kuitupa ile miwani ziwani. Wa sita akafunga, lakini Bwana Rwegasira alikuwa ameshaanza kuangalia saa. Akasema, "Tutawaandikia." Hakuandika.

Kwenye kivuko cha kurudi wenzangu wote walikaa upande wao na mimi upande wangu. Baada ya muda mrefu Nestory akaja, akachuchumaa mbele yangu.

"Kwa hiyo mzee hayupo."

"Hayupo."

"Hata kidogo?"

"Nestory, hayupo."

"Sasa zile mechi tulishindaje?" Akangoja jibu kweli kweli, akaondoka akitikisa kichwa, na nasikia kamati ilikaa tena juma lililofuata kulijadili jambo hilo.

Tulipokaribia Kamanga Masalu akaja akaketi karibu yangu. Nilijiandaa kupigwa, na wallahi ningeshukuru. Hakunipiga. Alisema taratibu huku anaangalia maji, "Ungeniambia mimi tu. Ningekuwa nakuelekeza kwa sauti, kushoto, kulia. Nisingemwambia mtu."

Chuo kikaisha. Alipangiwa shule huko Geita, barua tukaandikiana mbili tatu, zikakatika, na wa kulaumiwa ni mimi kwa sababu yeye ndiye aliyeandika ya mwisho. Mimi miwani sasa nalala nayo karibu na mto. Na nilijiapia jambo moja ambalo sijalivunja: nisichokiona nasema sikioni, namwambia mtu wa kwanza aliye jirani yangu, siku hiyohiyo, kabla hajaanza kukimbia.