Nilichapa Jina la Gichiaro Wangu, Nikamwambia Kazi Iko

Admin, jina langu lifiche kabisa. Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, Mmeru wa Tigania, mke yuko, wajukuu wako, na kanisani nakaa kiti cha mbele. Nina jambo limenikaa hapa kooni tangu miaka ya tisini. Someni mpaka mwisho ndio mnitukane.

Nilikuwa taipisti katika Wizara ya Fedha, Nairobi. Huku nyumbani waliita Hazina, na hilo neno ndilo liliniharibia. Mtu wa kwetu Muthara akisikia Hazina anaona chumba kimejaa noti. Baba yangu alikuwa anazunguka sokoni akisema, "Kijana wangu analala na pesa ya Kenya." Wapi! Pale tulilala na karatasi. Wizara inapanga shule zipate nini, hospitali nini, barabara nini, inatafuta kodi, inakopa, na kila Juni waziri anainua ule mkoba wa Bajeti huku watu wametega masikio kwa redio wasikie kama sukari imepanda. Wazee niliowakuta ofisini walisema baada ya Uhuru kazi yao ilikuwa kutafutia mishahara watu wapya kila mwezi. Mimi nilifika wakati wa kufuta. Wakopeshaji wa nje walisema serikali imebeba watu wengi mno, basi majina ya wa kupunguzwa yakaanza kuletwa mezani kwetu tuyachape. Na siku ya kuajiriwa nilikuwa nimetia sahihi fomu ya siri za serikali. Ukitoa neno nje, jela.

Sasa sikieni. Katika orodha moja nikakuta jina la Baba Kendi, mhudumu wa josho la serikali la kuogeshea ng'ombe karibu na kwetu. Huyu ni gichiaro wangu. Kwa wasio Wameru, koo zetu mbili zilikula kiapo cha undugu enzi za mababu. Mtu wa gichiaro humpigi, humnyimi kitu, na akikuuliza jambo kwa gichiaro humdanganyi hata kidogo. Hapo hakuna mzaha, watu wanaogopa mpaka leo.

Nililichapa hilo jina. Nilikosea herufi, nikapaka ile rangi nyeupe ya kufutia, nikachapa tena vizuri.

Mwisho wa mwezi nikaja nyumbani. Baba Kendi akanikuta bomani, amenibebea kibunda cha miraa. Hata hakukaa.

"Gichiaro, mjomba wangu wa Mitunguu amezeeka na hana mtoto. Anataka niache kazi nihamie kwake, anipe shamba la ndizi, na huko kuna maji ya mfereji. Nisipomjibu Jumapili anampa mtu mwingine. Mimi naogopa kuacha kazi ya serikali bure. Lakini tena nasikia wanapunguza watu. Wewe uko Hazina, unajua. Nakuuliza kwa gichiaro, kazi yetu iko ama haiko?"

"Iko," nikasema. "Serikali itakosaje mtu wa josho?" Tena nilicheka, Mungu anisamehe.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nenda Mitunguu, bila kutoa sababu yoyote. Niliogopa jela, ndiyo, lakini nikisema ukweli wote, niliona pia aibu mtu wa Hazina aonekane hajui kitu. Kwa ujinga huo nikavunja kiapo cha mababu ili nilinde fomu ya ofisi.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi nimemaliza. Gichiaro hawezi kunidanganya." Jumapili akamkatalia mjomba wake.

Barua ya kufutwa kazi ilimfikia kabla ya mvua ya Oktoba. Binti yake Kendi akaacha shule akiwa kidato cha pili. Leo ni mama mzima, kila wiki anashuka Mitunguu kununua ndizi za kuuza Muthara, na shamba analonunulia ni lile lile la yule mjomba, sasa ni la wengine. Mimi ni mteja wake. Kila mara ananiongezea ndizi moja, ati hiyo imetoka kwa baba.

Na mimi je, siri niliyoitunzia Wizara ilinisaidia? Miaka miwili haikuisha barua yangu ikaja. Ilichapwa na mama wa meza ya pili, tuliyekunywa naye chai ya saa nne kila siku. Alikuwa nayo wiki tatu nzima, na wiki hizo zote alikuwa ananiuliza tu, "Sukari imetosha?" Nilitaka kumtusi. Ningemwambia nini, mimi?

Niliposhuka stejini Muthara, aliyenipokea ni Baba Kendi. Akajitwika sanduku langu. "Pole, ndugu yangu. Kumbe hata wewe walikuficha." Nikasema ndiyo.

Sasa Baba Kendi ni mgonjwa sana, daktari amemrudisha nyumbani. Wiki iliyopita aliniita, Kendi akiwa amemkalisha kwa mito. Akasema nikubali kusimama siku ya mazishi niwaambie watu yeye alikuwa nani. Nikakubali. Kisha akaanza kulia.

"Kuna kitu kinanisumbua. Ile barua ilipokuja, nilikushuku. Nilijiambia huyu alijua. Nimekuwazia mabaya miaka mingi, na wewe ni gichiaro, ungenidanganyaje? Nisamehe kabla sijaenda."

Kendi akaniangalia, anangoja. Na mimi, jamani, nikafungua huu mdomo wangu nikasema, "Nimekusamehe."

Nimemsamehe! Mimi ndiye nimemsamehe! Nikimwambia ukweli atakufa na uchungu, na Kendi hataniangalia tena. Nikinyamaza, atakufa akiwa ameniomba msamaha wa kosa langu mwenyewe. Kendi amesema kesho atanipitia twende kumwona, baba yake ameniulizia tena. Ndugu zangu, nishaurini leo. Nikifika pale kitandani niseme nini?