Aliyezaliwa Nyumba ya Mapadri

Nilipokuwa msichana wa darasa la pili kule Kaagya, nyumba bora kuliko zote kijijini haikuwa na mtu, na jambo hilo lilimuudhi mama yangu kuliko mvua juu ya kahawa iliyoanikwa. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mapadri. Bibi, mama yake baba, alikuwa mwali ilipojengwa; yeye na wenzake walibeba matofali ya kuchoma kichwani kutoka tanuru la bondeni. Kuta zilikuwa nene hata mtoto aliweza kulala dirishani. Mbele palikuwa na baraza refu la matao, vyumba vimejipanga nyuma yake, na juu dari ya mbao. Parokia ilipohamishiwa karibu na barabara, mapadri waliondoka. Ulipokuja ujamaa, funguo zikakabidhiwa kijiji.

Mama alikuwa mkunga, amesomea Bukoba mjini. Aliomba nyumba ile iwe zahanati. Wazee walisema padri aliyeijenga alifia humo na bado anatembea darini akisali. Bibi naye alikuwa na onyo lake: anayelala humo hatoki peke yake. Mama akapanda ngazi, akachungulia, akakuta popo. Akaenda kuwaeleza mkutanoni. Wakamsikiliza vizuri, wakamshukuru, kisha wakapitisha nyumba iwe stoo ya majembe.

Hata leo nikikumbuka naguna. Majembe yalilala kwenye sakafu ya saruji, wanawake wakajifungulia migombani.

Shamba la kijiji lilikuwa nyuma ya nyumba hiyo. Siku moja tukipalilia, Leokadia, mke wa baba mdogo, alishikwa na uchungu jembe likiwa mkononi. Hapo hapo mvua ikashuka kutoka ziwani. Tukakimbilia barazani wote, na hapo tukakwama. Leokadia ameinama ameshika nguzo, mlango uko hatua chache tu, na wanawake wanashauriana namna ya kumbeba mvuani, mlima wote ule, hadi kwake.

Mama akafungua mlango. Bibi akamshika mkono, akamkumbusha kwa upole kwamba akimwingiza humo hatatoka peke yake.

"Hilo ndilo ninaloliomba, Mama," alijibu mama yangu, akaingia naye.

Aliyasukuma majembe kwa mguu, akatandika kanga zetu, akaniagiza nizibe dirisha kwa gunia. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, amelegea, kimya. Juu yetu mbao zikalia, ko, ko, kama mtu anayetembea taratibu. Wanawake mlangoni wakapiga ishara ya msalaba. Mama hakuinua macho. Alifungua kitovu, akamsafisha mtoto mdomo, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi, akarudia, jasho likimtiririka. Mwishowe mtoto akalia.

Jua halijazama, kijiji kizima kilishajua kwamba padri ameshuka darini akampulizia mtoto uhai. Bibi alitangaza kwamba onyo lake limetimia: ameingia mmoja, wametoka wawili. Haikupita wiki wanawake wale wale wakadai nyumba iwe zahanati, wakaipata. Mama alipata alichokitaka, na sijapata kumwona amekasirika namna ile. Alikuwa akimenya ndizi, maganda yanaruka.

"Mtoto angekufa, ni padri kamuua," alimwambia baba. "Amepona, ni padri kamponya. Mimi nilikuwa wapi?"

Baba akachukua kisu, akamenya naye.

Mama alifanya kazi humo mpaka alipostaafu. Kila mzazi aliyelazwa aliuliza kama padri amesikika leo. Miaka ya kwanza mama alieleza habari za popo. Baadaye alichoka. Nilimsikia mwenyewe akimjibu binti mmoja aliyekuwa akitetemeka: "Amepita sasa hivi. Lala." Binti akatulia, akalala.

Nilimuuliza kama haoni vibaya kusema uongo. Alisema binti ametulia, basi, niende nikachemshe maji. Nilikasirika kwa niaba yake, na bado nina hasira. Lakini nimewahesabu moyoni watu wazima wanaopita Kaagya leo, waliozaliwa chini ya dari ile, na sidhani mama wa hata mmoja wao angekuja pale kwa ajili ya mama yangu peke yake, bila padri.